Macho ya Kuku

Jua likizama nyuma ya maweni
na kuku wakianza kugombania kijiti cha kulalia,
Asaa naye huacha mchezo.
Wenziwe wanaendelea na mpira wao wa matambara.
Yeye hukaa palepale alipokutwa na magharibi,
mikono mbele,
kama mtu anayepima joto la jungu.

Mie nilisema uvivu.
Nilisema kadeka, babake kamharibu
kabla hajavuka kwenda Unguja kutafuta kibarua.
Nikamtuma maji, akagonga kizingiti.
Nikamtuma kijiko, akashika kisu.
Akamwaga mchuzi, nikampiga.
Nilimpiga, sifichi,
na kofi la mkono unaopasua kokoto tangu alfajiri
si kofi la mchezo.

Hakulia. Aligeuza uso upande nisiokuwapo,
akasema, "Mama, washa taa."

Na koroboi ilikuwa inawaka.

Bibi yake alikuwa anachambua mchele.
Hakuinua kichwa.
"Huyo ana macho ya kuku.
Kaka yako Hamadi alikuwa nayo, mwaka ule wa surua."
Hamadi sikumkuta.
Namjua kwa mawe mawili, njia ya kwenda Kiuyu.

Usiku ule sikulala, nilihesabu tunavyokula:
asubuhi muhogo,
jioni wali, mweupe kama karatasi ya daftari,
Ijumaa dagaa, wakiwapo.
Na nyuma ya choo mpapai umesimama
na matunda yake yote kifuani,
nami nayauza. Kila wiki, sokoni Konde,
mapapai matano kwa kilo ya mchele.
Matembele yanatambaa mpaka mlangoni.
Nampa mbuzi.

Kumbe mbuzi wangu anaona usiku
kuliko mwanangu.

Kituoni, Bi Raya si mtu wa maneno mengi.
Alimfunua kope kwa kidole gumba,
akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Pakavu," akasema. "Lakini kioo bado kizima."
Akachukua mkasi mdogo, akakata ncha ya kidonge chekundu,
akamkamulia ulimini.
Matone ya mafuta. Basi.
Asaa akakunja uso kama aliyelamba sufuria ya shaba.
"Kesho mlete tena. Halafu baada ya wiki mbili."

Akaandika kwenye kadi.
Kadi ilikuwa na miraba miwili mitupu,
ya ile miezi waliyopita na kipaza sauti kuwaita watoto
nami nina lori la watu linasubiri kokoto.
Bi Raya aliiona. Hakuniuliza.
Bora angeniuliza.

Aliuliza jingine:
"Hili tone halioti shambani, mama. Nyumbani kuna nini?"

Nikaona haya kusema papai.

Siku ya tatu, magharibi, nilikaa ukumbini
sijawasha kitu.
Kuku wameshapanda. Bibi anatia udhu.
Asaa miguuni pangu, kidevu kinachuruzika maji ya papai,
akaacha kutafuna.
"Mama, una mbegu shavuni."

Nikapapasa. Ipo.
Nyeusi, na giza nalo jeusi,
ndogo kuliko kifungo cha kanzu yake.
Sikuifuta. Niliswali nayo.

Jumapili sikwenda Konde.
Nilikata papai kubwa, nusu nikampelekea Mize,
jirani yangu wa ng'ambo ya shimo la mawe.
Chumu wake na Asaa wangu
walizaliwa mwezi mmoja, kwa mkunga mmoja.
Chumu aliugua surua mwaka jana,
na hakuna aliyemfunua kope kwenye mwanga wa dirisha
mpaka jicho la kushoto likawa chamba kitupu,
jeupe kama ganda la yai.

Mize alipokea, akashukuru, akaniuliza hali ya Asaa.
Nikasema hajambo.
Sikuweza kusimulia habari ya mbegu.

Tukakaa kimya sote wawili, tunamtazama Chumu akila,
kichwa kakilaza upande,
anaitafuta sahani kwa jicho lililobaki,
kama kuku anapochagua punje.